Mpiga solo naye aandikwe kwa karatasi ya wimbo

Mhariri,

Salamu kutoka Nyalenda hapa Kisumu. Kila mara mwanamuziki wetu akilazwa hospitali ama akifariki mambo huwa ni yale yale, namba ya M-Pesa inazunguka kwa WhatsApp, redio zinacheza nyimbo zake kutwa nzima, waheshimiwa wanakuja na ahadi, alafu baada ya mazishi familia inabaki na bili na watoto. Na watu wanasema ooh hawa wanamuziki hawajui kuweka pesa, wanakula ujana. Mimi nimepiga besi na kutunza daftari la hesabu la bendi yetu kwa miaka mingi na hayo maneno nayakataa. Shida kubwa sio starehe. Shida ni kwamba bendi nyingi za huku kwetu, Nyanza na Western, zinaendeshwa kama kibarua cha siku, na kile kitu ambacho kingewalipa watu hata siku hawajapanda jukwaani, yaani wimbo wenyewe, hakuna aliyekaa chini akaandika ni wa nani.

Wacha nianze na hesabu ya usiku mmoja maana wasomaji wengi wakiona muimbaji anabandikwa noti kwa paji la uso wanadhani tunaogelea kwa pesa. Tuchukue mfano tu. Klabu fulani pale Kondele imekubali kulipa Sh30,000 na bendi ni watu 8. Gari ya kubeba vyombo na kurudisha watu nyumbani alfajiri Sh4,000, kukodi mashine na spika Sh8,000, chakula Sh2,000. Zimebaki Sh16,000, kila mtu anaenda na Sh2,000 na kumeshakucha. Nyuzi za gitaa zikikatika wiki hiyo unatoa hapo hapo. Pesa ya studio itoke wapi, ya video itoke wapi? Ndio unapata bendi imepiga miaka kumi, jina linajulikana kutoka Bondo hadi Ahero, na haina hata amplifaya moja ya kwake.

Sisi tulifanya kitu kimoja kidogo sana kikabadilisha mambo, bendi yenyewe tuliihesabu kama mtu. Zile Sh16,000 zinagawanywa mara 9, sio 8, kila mmoja anapata kama Sh1,770 hivi na bendi nayo inapata yake, inaingia kwa till yake, yaani namba ya M-Pesa ya bendi, kabla hatujashuka kwa gari. Shoo mbili kwa wiki, mwezi ukiisha bendi ina kama Sh14,000 ambazo hakuna mtu anaweza kusema ni zake. Wa kwanza kulalamika walikuwa vijana wa dramu na kibodi, leo ndio wanauliza till iko na ngapi.

Alafu kuna pakruok. Kwa wasomaji wa Pwani na kwingine, pakruok ni pale shabiki anasimama mbele ya bendi anajisifu, anasifu bibi yake, ukoo wake, timu yake, gari yake, na kila sifa analipia hapo hapo. Kuna usiku pakruok inapita pesa ya klabu. Huu ni uchumi wetu wenyewe, hatukuletewa na mtu, na naupenda kabisa. Watu hulipa hata majina yao yatajwe ndani ya rekodi, na jina likishaingia kwa wimbo linakaa humo miaka yote. Lakini hiyo pesa inaingia kwa mfuko wa muimbaji na mara nyingi inaishia huko, mpiga dramu anaiona kwa macho tu. Sasa niulize, ile gitaa ya solo ingenyamaza, kuna mtu angetoka kwa meza yake kuja kulipia sifa? Hiyo ni pesa ya wimbo wote na ihesabiwe pamoja na ingine.

Sasa nije kwa wimbo, maana hapo ndio roho yangu iko.

Mtu yeyote anayejua benga, huu muziki wetu wa gitaa wa huku Nyanza, anajua wimbo unavyozaliwa. Muimbaji anakuja mazoezini na maneno na sauti ya juu, mara nyingi ni hiyo tu. Mpiga ridhim, ile gitaa ya kusindikiza, anatafuta mahali pa kukaa, sisi wa besi tunamfuata, alafu mpiga solo anaanza kuchora yale mambo yake, na ikifika pale waimbaji wananyamaza gitaa inapaa peke yake, hapo ndio watu wanainuka kwa viti. Shabiki anaweza kusahau ubeti wa pili lakini ile solo ataipiga mluzi akiwa kwa bodaboda. Lakini ukiangalia wimbo umesajiliwa kwa jina la nani, ni muimbaji peke yake, na mpiga solo alilipwa pesa ya studio siku moja akaenda. Akipata bendi ingine inayompa mia tano zaidi anahama, bendi inaanza kutafuta mwingine, na hiyo ndio hadithi ya bendi za huku tangu wazee wetu.

Na sio jambo jipya. Miaka ya 1970 Phares Oluoch Kanindo alichukua benga akaitoa kwa santuri, zikauzwa mbali hadi Zimbabwe, na huko muziki wenyewe ukaitwa kanindo. Alifanya biashara kubwa na nzuri, alifungulia benga milango ambayo wapiga gitaa peke yao hawangefungua. Lakini uliza leo vijana wakutajie waliopiga gitaa kwa zile santuri, watakutajia wawili watatu. Mwenye lebo alikuwa na karatasi.

Sheria yetu ya hakimiliki sio mbaya vile watu wanadhani. Mtunzi ana haki yake, mpigaji aliyepiga kwa rekodi ana haki yake hata kama hakutunga neno moja, na mwenye rekodi, yaani aliyegharamia studio, naye ana yake. Ndio maana kukawa na mashirika ya kukusanya hizo pesa, MCSK ya watunzi, PRISK ya waimbaji na wapigaji, na KAMP ya wenye rekodi. Wapiga ala wengi ninaowajua hapa Kisumu hawajawahi kujiandikisha popote, wanadhani hayo ni mambo ya muimbaji. Najua pia watu wamechoka na vita vya haya mashirika, mwaka 2017 KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, iliinyima MCSK leseni ikapatia shirika lingine, MPAKE, wanachama wakabaki wameduwaa hawajui wadai nani. Kwa hivyo kabla ya kujiunga uliza KECOBO nani ana leseni mwaka huo. Lakini kuchoka na mashirika isiwe sababu ya kuacha jina lako nje ya wimbo wako.

Angalia Skiza, zile nyimbo za Safaricom mtu anasikia akikupigia simu. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, ikasemwa mwenye wimbo apate asilimia 52 au zaidi ya mapato yake. Wasanii walipigania hiyo miaka mingi. Lakini hiyo 52 inaenda kwa nani? Inaenda kwa yule ambaye jina lake liko pale, na kama ni bendi ya watu 8 na jina ni moja, hao wengine 7 hawana mahali pa kusimama wakidai.

Na muda wake ni mrefu ajabu. Hakimiliki ya mtunzi Kenya inakaa maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. D.O. Misiani, mwanabenga wa bendi ya Shirati Jazz, alifariki mwaka 2006 kwa ajali ya barabarani hapa hapa Kisumu, maana yake nyimbo alizotunga zinalindwa hadi mwisho wa 2056. Fikiria hiyo. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa mtu mzima na zile nyimbo bado ni mali ya watu fulani. Hakuna shamba la miwa linakaa hivyo bila kulimwa. Ayub Ogada naye, aliyetuacha 2019 akiwa Nyahera, alienda na nyatiti yake, kinubi cha Kijaluo, hadi lebo ya Real World kule Uingereza akatoa albamu 1993, na miaka 12 baadaye wimbo wake ukaingia kwa filamu ya kimataifa. Watu wa filamu wakitaka wimbo lazima wajue mwenyewe ni nani na nani ataweka sahihi. Wakisikia kuna watu watano wanabishana wanachukua wimbo mwingine, hawana muda wa kesi za Kondele.

Sisi tunafanya hivi. Kabla ya kuingia studio tunaandika kwa fulskap, mwenye maneno na sauti asilimia 50, solo 20, ridhim, besi na dramu 10 kila mmoja. Kila mtu anaandika namba ya kitambulisho na anaweka sahihi, tunapiga picha, inaingia kwa grupu ya bendi. Prodyusa naye tunakubaliana naye mapema, kama tumemlipa yote basi faili zote za wimbo ni zetu tunatoka nazo siku hiyo kwa flashi, kama anataka sehemu ya wimbo basi apunguze bei na aandikwe. Kuna prodyusa mmoja alitukatalia faili miezi mingi kwa sababu hatukuandikiana naye na hatukuwa na kitu cha kumuonyesha.

Chaneli ya YouTube iwe ya bendi, na imeli yake isiwe ya jamaa wa kamera. Hapa Kisumu nyimbo za ohangla, ngoma yetu ya Kijaluo, na benga zinapakiwa na kila mtu, shabiki, mtu wa video, binamu, na watazamaji wanaenda huko. YouTube ili ikulipe matangazo inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, utafika aje kama watu wako wamegawanyika kwa chaneli sita ambazo hata moja sio yako?

Na jina la bendi lisajiliwe kwa eCitizen, bendi iwe na PIN yake ya kodi ya KRA. Hoteli kubwa, mashirika na kaunti hazilipi bila invoisi, kwa hivyo bendi isiyo na karatasi inapitia kwa wakala mwenye karatasi na huyo anakata kwanza ndio ninyi mpewe.

Najua viongozi wa bendi watanijibu, watu wanalipa geti kuja kuniona mimi, sio mpiga ridhim. Ni kweli, na ndio maana nikasema mwenye wimbo achukue nusu, hata zaidi wakikubaliana. Nawaheshimu sana, wao ndio wanatafuta kazi, wao ndio wanalala wakiwaza mishahara. Lakini kiongozi mwenye mpiga solo asiyehama ana sauti inayojulikana, na sauti inayojulikana ndio inapandisha bei ya shoo. Wetu ameitwa na bendi kubwa mara kadhaa na hajaenda, anasema ana mali hapa.

Haya maneno ni ya haraka kwa sababu kampeni za 2027 zinakuja na bendi zitaitwa kila wikendi, zitatungishwa nyimbo za wagombea. Sisi tuliwahi kumtungia mwanasiasa mmoja wimbo, ukapigwa kwa mikutano yake yote, na malipo yakawa ni kesho kesho hadi uchaguzi ukapita. Vijana, chukueni pesa ya kushika siku kabla ya kupakia vyombo, nusu kama inawezekana, na kwa wimbo wa mgombea chukueni yote. Ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe, bei na jina la aliyewaita ni bora kuliko kusalimiana kwa mkono.

Ombi langu kwako Mhariri ni moja. Kurasa zenu za burudani zinatuambia nani amenunua gari na nani ameachana na nani. Tupeni nusu ukurasa siku moja mchapishe mfano wa mkataba wa kugawana wimbo, kwa Kiswahili rahisi, wakili auangalie kwanza, ili kijana wa bendi kule Luanda au Katito aukate na mkasi, ajaze majina ya wenzake na aende nao studio.

Ni mimi,
Mpiga besi,
Nyalenda, Kisumu