Seti za sarafu zisizotumika: Pakiti iliyofungwa si dhamana ya thamani

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie imani inayowagharimu wengi wanaoanza kukusanya sarafu, kwamba seti ya sarafu ambazo hazijaingia kwenye mzunguko hupanda thamani mwaka hadi mwaka mradi tu pakiti yake haijafunguliwa.

Imani hiyo niliwahi kuwa nayo mimi mwenyewe. Nilinunua kwa mkupuo seti kumi za miaka ya 1980 kutoka kwa muuzaji aliyenihakikishia kuwa ni akiba ya uzeeni, na nilipotaka kuziuza baada ya miaka mingi, hakuna aliyekuwa tayari kunirudishia hata nusu ya fedha nilizotoa. Niliumia sana, lakini sababu yake inaeleweka. Kiwanda cha kufua sarafu cha Marekani, kwa mfano, kimekuwa kikiuza seti za aina hii tangu 1947, na kuna miaka ambayo zilinunuliwa kwa mamilioni na watu waliozitunza kwa uangalifu uleule niliozitunza mimi, ndiyo maana hadi leo zimejaa sokoni.

Pale ambapo thamani ipo, mara nyingi imo katika sarafu moja tu. Seti ya 1970 hutafutwa kwa sababu ya nusu dola yake yenye herufi D, alama ya kiwanda cha Denver, ambayo ina asilimia 40 ya madini ya fedha na haikutolewa kwa matumizi ya kawaida kabisa. Seti ya 1996 nayo ilitiwa senti kumi yenye herufi W, iliyofuliwa West Point kuadhimisha miaka 50 ya sarafu yenye sura ya Rais Roosevelt, na mtu akikuuzia seti hiyo huku kisarafu hicho kimekwisha kuchomolewa, amekuuzia ganda. Kinyume chake, mwaka 1982 na 1983 kiwanda hicho hakikutoa seti zake za kawaida, na kwa kuwa wachache walikumbuka kujiwekea sarafu mpya za miaka hiyo, robo dola moja ya 1983 iliyobaki safi inaweza kuuzwa ghali kuliko seti nzima ya mwaka uliofuata.

Jambo linalosahaulika zaidi ni hali ya sarafu zenyewe. Kutotumika si kukosa dosari, kwa maana sarafu zikitoka mashineni huangukiana na kukwaruzana hata kabla ya kufungwa. Katika kipimo cha ubora wa sarafu cha 1 hadi 70, kilichotokana na kazi ya Mmarekani William Sheldon, mtafiti wa sarafu, ya 1949, sarafu isiyotumika huanzia 60, na tofauti ya alama mbili au tatu karibu na kilele inaweza kuzidisha bei mara nyingi. Chukua lenzi, uiinamishe sarafu polepole chini ya taa: mng'ao wake unapaswa kuzunguka juu ya uso wote kama njiti za gurudumu, bila kukatika shavuni mwa sura iliyochorwa, mahali ambapo mikwaruzo huonekana kwanza.

Mng'ao huo ukifutwa haurudi. Nawasihi wasomaji wasioshe sarafu hizi wala kuzisugua kwa kitambaa, hata zikiwa zimebadilika rangi. Seti za mwanzo, zile za kabla ya 1959, zilifungwa katika makadi ya karatasi ngumu yaliyozitia sarafu rangi za dhahabu, buluu na zambarau, na wapo wakusanyaji wanaolipa zaidi kwa ajili ya rangi hizo hizo. Cha kuogopa ni utando wa kijani unaonata, unaoletwa na vifuko laini vya plastiki ya PVC; huo huila sarafu yenyewe, na sarafu yenye dalili zake ihamishwe mara moja.

Ombi langu kwako, Mhariri, linahusu kurasa za matangazo. Anayetangaza seti ya sarafu atakiwe kutaja mwaka wake, kiwanda zilikofuliwa, na iwapo sarafu zote za awali bado zimo, badala ya kuandika tu kwamba ni adimu na haijafunguliwa. Mnunuzi akipewa hayo matatu, ataweza kuhakiki bei kabla ya kutoa fedha zake.

Wako mtiifu,
Mkusanyaji wa sarafu