Kinubi cha Upepo Kimenyamaza? Chunguza Upepo Kabla ya Kukaza Nyuzi

Kinubi cha upepo ni sanduku lenye nyuzi zinazoimbishwa na upepo wenyewe, bila mkono wa mtu. Malalamiko yanayotufikia zaidi karakanani ni haya: kinubi kimewekwa dirishani, mapazia yanapepea, nacho kimya. Mteja hukaza nyuzi, akaona bado, akakaza tena mpaka mmoja ukakatika. Mara nyingi nyuzi hazikuwa na kosa lolote. Tatizo ni upepo unaozifikia, au jinsi sanduku lilivyoelekezwa. Tutaeleza kinachotokea hasa, kwa sababu ukishakielewa utarekebisha mwenyewe hapo hapo bila kuturudishia mzigo.

Upepo haudonoi uzi kama kidole kinavyodonoa gitaa. Hewa ikipita kwenye uzi huacha nyuma yake vizunguko vidogo, kama maji yanavyojizungusha nyuma ya kigingi kilichochomekwa mtoni. Kimoja hubanduka juu, kinachofuata chini, kwa zamu, na kila kinapobanduka uzi husukumwa. Mwaka 1878 mwanafizikia wa Kicheki, Vincenc Strouhal, alichapisha vipimo vya jambo hili, na kanuni yake ndiyo tunayoitumia kila siku: zidisha kasi ya upepo (mita kwa sekunde) kwa 0.2, kisha gawanya kwa kipenyo cha uzi (kwa mita). Upepo wa mita 3 kwa sekunde, ule unaochakarisha majani, ukipita kwenye uzi wa nailoni wa milimita 0.6 hutoa hezi 1,000 hivi, yaani mitikisiko 1,000 kwa sekunde.

Utaona kwamba mkazo wa uzi haumo kwenye hesabu hiyo. Kazi ya mkazo ni kuamua sauti zipi uzi utazikubali. Uzi wenye urefu wa sentimita 90 uliowekwa kwenye hezi 110 hukubali 110, 220, 330, na kuendelea kwa hatua za 110. Upepo ukikaribia ngazi ya tisa, yaani 990, uzi huidaka na kuimba. Upepo ukizidi, uzi huruka kwenda ya kumi. Ndiyo maana kinubi kizuri hupanda na kushuka kwa ngazi, hakilii kama king'ora. Ukiukaza kupita kiasi, ngazi zinaachana mno, na upepo wa wastani unaangukia katikati yake. Hapo kukaza ndiko kumezidisha ukimya.

Sasa mwelekeo. Uzi hautikisiki kufuata upepo, hutikisika kuukata. Upepo ukitoka mbele yako, uzi uliolazwa mbele yako huenda juu na chini. Kwa hiyo upepo unatakiwa upite sambamba na ubao wa sauti, yaani uso wa sanduku ulio chini ya nyuzi, uteleze juu yake na kukata nyuzi kwa pembe mraba. Hapo nyuzi huupiga ubao kwa kuukandamiza na kuuachia, na sanduku linasema. Wateja wengi husimamisha sanduku na kulikabilisha na upepo, kama mtu anayeota jua. Likikaa hivyo linauzuia upepo wenyewe, na nyuzi huchezea ubavuni mwa ubao bila kuusukuma. Lilaze kwenye kingo ya chini ya dirisha, shusha dirisha mpaka libaki pengo la sentimita 4 hivi juu ya nyuzi, ziba pengo la pembeni kwa kitambaa, kisha fungua mlango au dirisha la upande wa pili wa chumba. Bila njia ya kutokea, hewa haiingii, hata nje kukivuma namna gani.

Kama kinubi kiko nje, fanya jaribio la uzi wa sufu kabla ya kugusa kigingi chochote cha kukazia nyuzi. Funga uzi mwembamba wa sentimita 30 kwenye ncha ya kijiti, ushikilie mahali ambapo nyuzi zitakuwa, uutazame kwa dakika tano. Ukinyooka na kutulia, ukitetemeka ncha tu, mahali hapo panafaa. Ukijikunja, ukageuka nyuma na kulala kwa zamu, hewa hapo imevurugwa na ukuta, paa au mti. Ukorofi huo hufika umbali wa mara 10 hadi 20 ya kimo cha kizuizi: ukuta wa mita 3 unaweza kukuharibia upepo hadi mita 60. Upepo laini wa mita 3 kwa sekunde ni bora kuliko wa mita 8 uliokatikakatika, kwa sababu vizunguko vinahitaji muda wa kujipanga kwa mdundo mmoja.

Kuhusu upangaji wa sauti: tafadhali usikipange kama gitaa. Vinubi vyetu vina nyuzi nane, kutoka milimita 0.4 hadi 1.0, zote kwenye sauti moja. Unene unaotofautiana huziwezesha kushika upepo wa kasi mbalimbali, na sauti moja huhakikisha kwamba ngazi zote zinatoka ukoo mmoja. Ukiweka uzi mmoja kwenye 110 na mwingine kwenye 165, ngazi ya saba ya huo wa pili ni 1,155, nayo inaangukia katikati ya 1,100 na 1,210 za jirani yake. Sikio litalalamika. Kwenye hezi 110 uzi wa milimita 0.4 huhitaji mkazo wa kilo 0.6 tu, na wa milimita 1.0 kama kilo 3.6. Nailoni mpya hurefuka, kwa hiyo wiki ya kwanza rudia kupanga kila siku. Na safisha utando wa buibui: uzi mmoja wa buibui uliounganisha nyuzi mbili unatosha kuzififisha.

Waya mrefu unaotandwa nje kati ya nguzo mbili ni kazi nyingine, na kwa maoni yetu ndiyo yenye muziki wa ajabu zaidi. Nchini Australia, msanii Alan Lamb alirekodi nyaya za simu zilizoachwa, na chanzo cha sauti ni hicho hicho. Kwa mita 20 tunatumia waya mmoja mzima wa chuma cha springi wa milimita 1. Waya uliosokotwa haufai, kwa sababu nyuzi zake hukwaruzana na kumeza mtikisiko. Mkazo ni kilo 30, unaopimwa kwa mizani ya kuning'iniza, na hapo waya hulegea katikati kwa sentimita 1 tu. Sauti yake ya msingi ni hezi 5.5, ambayo sikio halisikii. Lakini upepo wa mita 4 kwa sekunde huugawa waya huo mafungu karibu 145, kila fungu sentimita 14 hivi, ukaimba kwenye hezi 800. Ngazi zimekaribiana kiasi kwamba upepo haukosi pa kukanyaga, na sauti huteleza badala ya kuruka.

Chuma husinyaa kwa baridi. Usiku ukiwa na baridi ya nyuzijoto 20 chini ya mchana, waya huo hutaka kupungua karibu milimita 5. Nguzo zisipokubali, mkazo hupanda kutoka kilo 30 hadi 34 hivi. Ndiyo sababu hatuvuki moja ya tano ya uwezo wa waya. Waya ukikatika, mara nyingi ni pale unapobanwa au ulipojikunja wakati wa kufungua bunda. Uzungushe mara nne kwenye chuma cha mviringo kabla ya kuufunga, na waya uliojikunja usiunyooshe, utupe. Mafundi wa umeme wanaujua uchovu huu wa chuma unaoletwa na kutikisika: vile vyuma vinavyoning'inia kwenye nyaya za umeme karibu na nguzo, vyenye umbo la vyuma vya mazoezi ya kunyanyua uzito, vinavyoitwa Stockbridge, vimewekwa kuua mtikisiko huu huu.

Waya mtupu hausikiki mbali. Upitishe juu ya kipande cha mti mgumu kilichosimama kwenye ngoma au sanduku lililolazwa chini yake, ukipinda kama digrii 10, ili ukandamize kwa kilo 5 hivi. Ukitaka kurekodi, gundisha piezo (kidude kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme) kwenye mti huo, ila usiichomeke moja kwa moja kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti. Piezo ya nanofaradi 20 kwenye ingizo lenye ukinzani wa kiloomu 10 hupoteza sauti zilizo chini ya hezi 800, yaani karibu sauti zote nzito za waya. Tumia kikuza sauti chenye ingizo la megaomu 1.

Vaa miwani ya kazi unapokaza. Weka waya juu ya kimo cha mtu aliyeinua mkono, mbali kabisa na nyaya za umeme, na weka alama ya tahadhari kwenye nguzo, si kwenye waya.

Ukiagiza, tutumie umbali kati ya nguzo zako, kimo cha kizuizi kilicho karibu zaidi, na video ya dakika moja ya ule uzi wa sufu, iliyochukuliwa saa unazotaka kinubi kiimbe.