Damu ya mvuvi haijazoea kichocho

Ndugu Mhariri,

Huku mwaloni kwetu Mwanza, tunakoshushia samaki, ukimwambia mvuvi akapime kichocho anakucheka, bwana mi nimezaliwa ziwani, damu yangu imeshazoea. Kaka yangu alikuwa na wimbo huohuo mpaka usiku aliotapika damu karibu nusu beseni, hospitali wakasema ini limejaa makovu, wengu umevimba, na haya mambo ni ya miaka mingi.

Damu haijazoea kitu jamani, ni mnyoo wa kichocho ndo kajificha. Akikuingia kwenye ngozi ukiwa unavuta nyavu anaacha mkia nje, anapita mapafuni, anakuja kukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, dume na jike wamekumbatiana, maana dume ana mfereji tumboni na jike analala humohumo, miaka 3 mpaka 10 na wapo waliofika hata 30. Ndani ya damu kabisa! Askari wa mwili wanampita kila dakika hawamgusi, kwa sababu amejipaka vitu vya damu yako mwenyewe, hadi alama za grupu lako la damu anazo, na gamba lake la juu analivua na kuvaa jipya kila mara. Mwizi kavaa shati la mwenye nyumba, mbwa atambwekea nani?

Sasa mayai ndo hayana shati. Jike wa huku ziwani anataga kama 300 kwa siku, mengine yanatoka na choo, mengine yanasombwa na damu mpaka kwenye ini, na hayo askari wanayaona, wanayazingira, kila walipozingira panabaki kovu. Wazazi wao wako zao salama kwenye mishipa.

Dawa ipo, prazikwanteli, inamchana mnyoo lile gamba na hapo ndo kinga inamwona. Ila wale wachanga walioingia juzijuzi haiwaui, na majini wapya wanaendelea kuingia, kwahiyo mtu anayeshinda majini dozi moja ya utotoni haimsaidii ukubwani.

Vidonge vinaenda shuleni, watoto wanasimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu ijulikane wapewe vingapi, wanapewa, safi sana, lakini Shirika la Afya Duniani, WHO, tangu 2022 imesema penye maambukizi kuanzia asilimia 10 na watu wazima wapewe. Naomba wahusika wavilete na mwaloni, tena waje asubuhi dagaa zikiwa zinaanikwa, maana wakija saa nane mchana wavuvi wote tumelala.

Mvuvi wa dagaa, Mwanza