Pale Panapouliza Ulemavu, Msipaache Wazi

Kwenu wanangu wa Unguja na Pemba wenye ulemavu, mnaojiandaa kwenda kusoma nje,

Assalaamu alaykum.

Wiki iliyopita, baada ya Alasiri, kijana mmoja alinifuata barazani kwangu hapa Wete na simu mkononi, nimsaidie kupitia fomu ya chuo. Kila kitu amekijaza vizuri, isipokuwa pale panapouliza kama mwombaji ana ulemavu. Namuuliza mbona hapa pako wazi, akainama. "Babu, nikiandika watanikata."

Nikacheka, na wala si kwa kumdharau. Miaka 40 iliyopita na mimi nilipaacha wazi pale pale.

Polio ilinikuta mdogo, natembea kwa magongo. Nilipopata nafasi ya kusoma Uingereza sikumwambia mtu. Nikapangiwa chumba ghorofa ya tatu, na jengo halina lifti. Ngazi nilizihesabu: vidato 54. Kila alfajiri nilitoka kabla ya wenzangu, nikashuka kwa kukaa kitako, kidato kwa kidato, magongo nimeyalaza mapajani nisije nikayaangusha yakaamsha watu. Wiki ya tatu mama mmoja mfagiaji akanikuta katikati ya ngazi. Hakunipa pole. Aliuliza tu, "Ofisini wanajua?" Nikakosa la kujibu. Ijumaa yake nikahamishiwa chumba cha chini, jirani na jiko. Wiki zile tatu nilijitesa mwenyewe, maana hakuna aliyeninyima kitu.

Sisi tumelelewa kwa stara. Shida haitangazwi, na mwenye ulemavu ndiyo kabisa, hufunzwa ashukuru kwa alichopewa. Hapa kwetu mtu huishi hivyo akaishi, kwa sababu usiposema, watu wanakuona. Boti ikifunga gati Mkoani, hujafungua mdomo makuli wawili wameshakubeba juujuu, kigari kinafuata nyuma, na mmoja anakuuliza mama hajambo. (Kama ulitaka kubebwa, hilo hawaulizi.) Kule nilikokwenda mambo ni kinyume. Mtu hakugusi mpaka umwambie, akidhani anakuheshimu. Ukisema mapema unafanyiwa, na hudaiwi fadhila, kwa kuwa ni sheria: Uingereza wana Sheria ya Usawa ya 2010, Marekani wana yao ya 1990, India ya 2016. Muda wa ziada kwenye mtihani, chumba cha chini, vitabu vya nukta nundu, vyote vinaombwa. Lakini vinaombwa kabla.

Safari yenyewe ianzieni siku ya kukata tiketi. Viwanja vya ndege vya Ulaya vinatakiwa kisheria kumsaidia msafiri mwenye ulemavu bila malipo, ila taarifa iwafikie angalau saa 48 kabla. Mwenye kigari cha betri aiarifu kampuni ya ndege ni betri ya aina gani na ina ukubwa gani, maana betri za lithiamu zina masharti yake. Kipige picha kila upande kabla hakijaondoka machoni mwako. Mto na kila kinachochomoka ingia nacho ndani ya ndege. Chaja nayo igeuze uisome nyuma: umeme wetu ni volti 230 na plagi yetu ya pini tatu inaingia Uingereza bila taabu, lakini Marekani ni volti 120. Na mabinti, kama hutaki mwanamume akuinue kitini, sema siku hiyo hiyo ya tiketi kuwa unataka mwanamke. Usingoje mlangoni mwa ndege.

Dawa zikae kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Wanaotumia tramadoli au kodeini kwa maumivu, na ndege inapitia Dubai, wahakikishe kibali kwanza. Kule si dawa za kupita nazo hivi hivi.

Kwenye pesa ndipo wengi wanapokwama. Uingereza serikali inawapa wanafunzi wenye ulemavu posho ya vifaa na wasaidizi, lakini ni ya wenyeji. Mwanafunzi mgeni haimhusu. Kwa hiyo gharama ya msaidizi au mkalimani muulize mfadhili wako na chuo, kwa maandishi, kabla hujakubali nafasi. Viziwi nawasisitizia zaidi. Lugha ya Alama ya Tanzania haitakufikisha mbali kule, na hata wao kwa wao hawafanani: Mwingereza anatahajia kwa mikono miwili, Mmarekani kwa mmoja. Ombeni mkalimani, na ombeni pia muda wa kujifunza kabla masomo hayajaanza.

Wenye ualbino msije mkaacha mafuta ya jua nyumbani kwa kusikia mnakwenda kwenye baridi. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayounguza ngozi, na inakupiga kutoka chini, kofia isipokinga.

Nyumbani nako watauliza, nani atakuogesha, nani atakufulia. Msiwakasirikie. Mama yangu alilia gatini mpaka boti ikapotea, na alikuwa amenifungia halua kilo mbili ambazo sikujua nizishike kwa mkono upi, yote miwili imeshika magongo.

Kijana wangu tulimaliza fomu yake kabla ya Magharibi. Pale pa ulemavu aliandika mistari minne, wa mwisho akiomba chumba cha chini. Wengine mkitaka tuzipitie pamoja, baada ya Alasiri nipo barazani. Wa magongo waje na magongo yao: ninayo mipira mipya ya chini, ya milimita 19, jozi nne. Kwenye barafu mpira ulioliwa unateleza kama sabuni. Anayesafiri mwanzo apite achukue jozi yake, na nyingine ya akiba.

Babu yenu,
Wete, Pemba