Mjadala wa Jumamosi: Washambuliaji wasiokaba

Ndugu wanakikundi, salaam.

Mjadala wetu wa hoki ya barafuni utafanyika Jumamosi, saa 2:00 usiku, kwa simu ya video humu humu kikundini, wala si Ijumaa kama ilivyotangazwa awali.

1. Tutaanza na udhaifu wa washambuliaji katika ulinzi, yaani wale wanaochelewa kurudi nyuma kisahani (kinachochezwa badala ya mpira) kinapopotea, au wanaomkodolea macho mwenye kisahani huku wakimwacha mpinzani peke yake mbele ya lango. Naomba hoja zisiegemee tofauti ya mabao pekee (yaani mabao ya timu yake ukitoa ya wapinzani, wakati mchezaji yuko uwanjani), kwa kuwa hesabu hiyo humhukumu mchezaji hata kwa makosa ya kipa wake.

2. Kisha tutajadili maelewano ya safu ya watatu, yaani washambuliaji watatu wanaocheza pamoja. Kila mmoja achague safu moja na aeleze nani hubaki juu (yaani nyuma ya wenzake, mbali na lango la wapinzani) kumlinda mwenzake anayeingia kona. Mfano mzuri ni iliyokuwa safu ya Boston Bruins, timu ya ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini, ya Bergeron, Marchand na Pastrnak: Bergeron alitwaa tuzo ya Selke, ya mshambuliaji bora katika ulinzi, mara 6, na kwa maoni yangu ndiye aliyewapa wenzake uhuru wa kushambulia.

Kila mzungumzaji atapewa dakika 5. Mwenye vipande vya video avitume kabla ya Ijumaa jioni.

Tafadhali thibitisheni ushiriki wenu kufikia Alhamisi kwa kuandika "Nipo" pamoja na safu mliyoichagua, ili nipange zamu za kuzungumza.