Vile vidonge vya Ijumaa

Shoga yangu, za Tabora?

Meseji yako nimeisoma hapa Ujiji nikacheka halafu nikakasirika, ati umevificha vidonge kabatini sababu jirani kakwambia methotreksati ni dawa ya kansa. Ni kweli kansa wanaitumia, ila kwa dozi kubwa sana, sisi wa soriasisi ya viungo tunapewa kidogo tu ya kuituliza kinga ya mwili maana ndo hiyo hiyo inayotutafuna ngozi na viungo. Mi mwezi wa kwanza sikuona kitu, nikataka kuacha, wa pili unaisha ndo nashangaa nafunga kitenge mwenyewe na kile kidole kilichovimba kama muhogo kimeanza kukunjika. Haina haraka hiyo, wiki 6 mpaka 12. Na kiungo kikishalika hakirudi, we ngojea tu jirani yako.

Ila kuogopa uogope, sikatai. Ni mara MOJA kwa wiki, mi yangu Ijumaa usiku, ukimeza kila siku kama panadol inakausha damu mpaka kufa. Folik asidi, ile vitamini ya kupunguza madhara yake, nameza siku nyingine. Jumamosi yangu mbovu, kichefuchefu, dagaa sitaki hata harufu, nashindia uji. Vipimo vya damu na ini usikwepe, pombe achana nayo, na kama bado mnataka huyo mtoto wa tatu mwambie daktari KABLA maana inaharibu mimba. Halafu ukikohoa usikimbilie Septrini dukani, hizo mbili zikikutana zinashusha damu vibaya.

Mi kilichoniumiza hata sio hiyo. Kuna muuzaji mmoja alinipa prednisoloni, vile vidonge vya steroidi, wiki mbili nikawa nacheza ngoma, nilipoacha ngozi ikalipuka kuliko mwanzo, mgongo mzima magamba. Na diklofenaki, hiyo ya maumivu uliyoizoea kula kama karanga, inatoboa tumbo, inapandisha presha, figo nazo.

Daktari alinitajia na sindano za adalimumabu, nazo za kutuliza kinga ya mwili, ati kabla yake unapimwa TB kwanza kwa sababu ile iliyolala mwilini inaweza kuamka. Nikauliza bei, nikarudi kwenye vidonge vyangu.

Mawese yako nimeshajaza dumu, nasubiri mtu wa kumpa kwenye treni. Nijibu umeanza Ijumaa gani.

Wako wa Ujiji