Mbaazi Hazifungwi: Barua kwa Mdogo Wangu Anayekwenda Mombasa

Mdogo wangu,

Binti yako ameniandikia kwamba mwezi wa Agosti, shule zikifungwa, mnakwenda Mombasa kwa siku sita, na kwamba umemtuma aniulize ni wapi pa kutembelea na ni wapi pa kula kwa kuwa, kwa maneno yake, "Baba anasema Shangazi ndiye anayeijua Mombasa." Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko yanavyostahili. Namba yangu ya simu ni ile ile iliyokuwapo siku tulipomzika Mama. Ikiwa umeona vyema kupitia kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, mimi nami nimeona vyema kukujibu hadharani, mahali ambapo hutaweza kusema kwamba barua haikukufikia.

Nianze na lililo jepesi. Agosti umechagua vizuri, tena vizuri kuliko safari ile tuliyompeleka Mama Mombasa. Kusi huwa bado linavuma, bahari inachafuka kidogo na mwani unatupwa ufukweni, lakini mvua kubwa zimekwisha pita na joto si la kuchoma. Mei uliichagua kwa sababu vyumba vilikuwa rahisi, navyo vilikuwa rahisi kwa sababu pwani Mei ni masika, jambo ambalo yeyote aliyelelewa na Mama alipaswa kulijua, nami nikiwemo. Desemba msithubutu: kaskazi ni tamu, lakini nusu ya Nairobi huhamia huko na bei zikapanda pamoja nao.

Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, unaijua. Wewe na mkeo mtavuka kwa vitambulisho vya taifa, kama inavyoruhusiwa tangu 2014, lakini watoto hawana vitambulisho, kwa hiyo zishughulikie hati zao mapema pamoja na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Mwambie mkeo asifunge chochote kwenye kaveera, mifuko ile ya plastiki, maana Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017. Bila shaka unakumbuka tulivyosimama pale mpakani tukizimimina karanga za Mama kwenye leso yake, kaveera moja baada ya nyingine, naye akicheka kama msichana aliyekamatwa na maembe ya watu.

Kutoka Nairobi msipande basi. Pandeni treni ya reli mpya, ambayo huenda kwa muda wa saa tano hivi na kuikatisha Tsavo, na watoto wakikaa dirishani huenda wakawaona tembo waliogeuka wekundu kwa vumbi la huko. Itawashusha Miritini, nje ya kisiwa, basi nauli ya kuingia mjini iwe tayari. Mkiwa njiani, waeleze kwamba ile ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931, ndiyo iliyomleta bibi yao Tororo akiwa bi harusi, na sanduku moja la mbao na mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi ya nazi, Tororo! Ilikaa chini ya kitanda katika zile nyumba za reli, ikingoja gadi wa treni mwenye huruma ateremke na nazi mbili ndani ya gunia. Siku nazi zilipofika nyumba nzima ilinukia iliki, nasi tukajua kwamba kesho kuna mahamri. Majirani waliyaita mandazi, na Mama hakukubali hata siku moja. Andazi ni andazi, alisema. Hamri lina tui ndani yake na hewa katikati.

Sasa mahali pa kutembelea. Fort Jesus mtakwenda, najua, kwa hiyo nendeni asubuhi kabla ya jua kali. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na watoto watapenda mizinga na kuta zile za matumbawe ambazo ukizigusa zinakwaruza kiganja. Lakini usiwasomee vibao vyote kama ulivyotusomea sisi. Mambo mawili yanatosha: kwamba Waomani waliizingira ngome hiyo tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani wakawa wanakufa kwa njaa na maradhi, na kwamba bibi yao alipokuwa mtoto, ngome hiyo ilikuwa jela, ikabaki jela mpaka 1958. Ndiyo sababu alisimama langoni akakataa kuingia. Alikuzwa akiambiwa apite pale bila kunyoosha kidole. Wewe ulidhani amechoka, ukamwambia dereva amnunulie soda.

Kutoka pale ingieni Mji wa Kale kwa miguu, bila ratiba, mpotee kidogo vichochoroni. Tazameni milango ya nakshi, na mkimwona muuza kahawa na dele lake simameni mnywe kahawa tungu kwa kashata au halua, hata kama watoto watakunja nyuso. Jioni nendeni ufukwe wa Mama Ngina mkanunue muhogo wa kukaanga uliopakwa ndimu na pilipili, mnywe madafu, mtazame meli zinavyoingia mlango wa Kilindini karibu sana hivi kwamba mnaweza kuwahesabu mabaharia waliosimama juu. Pandeni feri ya Likoni kwenda na kurudi, kwa kuwa mtu wa miguu halipi kitu, nami sijui starehe nyingine ya bure inayoifikia hiyo. Bamburi kuna Haller Park, ambayo zamani ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokufa kabisa, hadi ilipoanza kupandwa mivinje mwaka 1971. Huko ndiko alikopelekwa yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini baada ya tsunami ya 2004, akamfanya kobe mzee kuwa mama yake. Watoto wataipenda habari hiyo kuliko Wareno wote.

Kuhusu bahari yenyewe nakusihi uulize saa za maji. Sisi ni watu wa ziwani, tumezoea maji yanayokaa palepale ulipoyaacha jana. Kule maji hupwa na kujaa, kila badiliko likichukua kama saa sita, na saa hizo husogea mbele kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama, hupwa mbali mno. Wewe ulitupangia kuogelea saa saba mchana, tukakuta tope na mawe, Mama akiwa ameketi juu ya ndala zake akisema, kwa upole wake ule, kwamba bahari imekwenda kazini.

Na mkivuka daraja la Nyali, geukeni Kengeleni. Frere Town ilianzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Ndiko walikotoka wazee wa Mama, na kengele yao ya zamani ingalipo. Mama aliondoka wakati kuna daraja la kuelea ambalo watu walilipa ili kuvuka, akarudi na kukuta daraja la zege la mwaka 1980, na mahali alipozaliwa hapakuwamo katika ratiba yetu ya mahali kumi na nne kwa siku tatu. Aligonga kioo cha gari akasema, "Hapo." Tulikuwa tumekwisha pita.

Umeniuliza pa kula, na hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito.

Viazi karai, bhajia na mishkaki mtavipata barabarani kila jioni, na kula kwa kusimama si aibu. Tafuteni mkate wa mofa, samaki wa kupaka, na biriani ya mchana wa Ijumaa. Msile mezani pa hoteli yenu kuku na chipsi ambazo Kampala zimejaa kila kona. Lakini mahamri na mbaazi za nazi ni za asubuhi, na zina mahali pake, nawe unapajua, kwa sababu ulipaona kupitia dirisha la gari.

Ilikuwa asubuhi ya pili, kwenye uchochoro ulio nyuma ya soko la Marikiti, mvua ikiwa ndiyo kwanza imeanuka. Mama aliketi kwenye benchi fupi, magoti yakiwa juu, akaagiza kwa sauti nisiyowahi kuisikia. Alisema "ndia" wala hakusema njia, akamwambia mtoto wa yule mama muuzaji "ndoo", yaani njoo, na muuzaji hakumshangaa, alimjibu tu kama anavyomjibu jirani. Miaka hamsini ya Tororo ilimtoka mdomoni kwa dakika moja. Sahani ilikuwa ya bati, yenye ua jekundu lililochubuka. Tui lilikuwa limeganda utando mwembamba juu ya mbaazi. Mama alilipasua hamri la kwanza, mvuke ukatoka, akaliinamia akanusa kabla ya kula, kisha akala bila kusema neno. La pili alikuwa amefika nusu dereva alipopiga honi, kwa sababu hamali wa mkokoteni alitaka kupita, nawe ukatoa kichwa ukasema, "Mama, Fort Jesus imeshafunguliwa."

Ngome ile imesimama tangu 1596, mdogo wangu. Isingeanguka kwa kungoja nusu ya hamri.

Mama aliliweka lile nusu kando ya sahani, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Akafuta vidole kwa ncha ya leso. Nilimuuliza kama afungiwe, akasema, "Mbaazi hazifungwi," kisha akasema twende, watoto wasichelewe. Hapakuwa na watoto. Watoto tulikuwa sisi, mmoja ana mvi na mwingine ana kitambi. Kutoka pale ndipo tulipompeleka kusimama nje ya jela.

Oktoba alifariki. Na siku ya mazishi ulisimama mbele ya watu wote, ukaionyesha picha ile ya langoni, ukasema tulimpeleka Mama nyumbani kwao akala vyakula vya utotoni mwake hadi akashiba. Hadi akashiba! Nilitoka nje ya hema. Watu walidhani ni uchungu wa msiba, na wengine mpaka leo wanasema nilikudharau mbele ya wakwe zako. Sikukudharau. Nisingetoka, ningesema, na mazishini si mahali pa kusemea.

Utaniuliza kwa nini sikusema palepale uchochoroni. Nimelijibu swali hilo usiku mwingi. Dereva tulikuwa tunamlipa kwa saa. Mvua ilionekana kurudi. Mimi ni mkubwa, na mkubwa hamkaripii mdogo wake mbele ya mama yao, hasa mama aliyekuwa amefurahi tangu mpakani. Nilidhani pia tungerudi kesho yake, na kesho yake kulikuwa na mvua na mahali pengine patano. Ndiyo, ratiba ile niliichapa mimi, ofisini kwangu, nikaitia katika karatasi ya nailoni ili isilowe. Lakini ni wewe uliyekuwa ukinitajia mahali kwa simu, nami nikiandika tu. Kama nilikuongezea mawili matatu, ni kwa sababu hatukujua kama tungepata tena nafasi ya kumpeleka. Na ni kweli kwamba honi ilipolia nilisimama kabla yake. Nilikuwa nimekwisha toa pesa za kulipa. Nilisimama ili nimpishe apite, si kwa kumharakisha.

Wasomaji wengine mniwie radhi, barua hii nilikusudia iwe fupi.

Mbuzi ya nazi iko kwangu. Binti yako akitaka kujifunza, aje wakati wowote wa likizo, nami nitanunua nazi pale Kampala, ingawa ni ghali na nyingine huwa zimeshaoza ndani. Nawe ukitaka kumleta mwenyewe, mlete.

Lile benchi halina jina wala kibao. Shukeni Marikiti, mpite upande wanaouza viungo, mfuate harufu ya mafuta ya moto mpaka muone foleni ya wenye mikokoteni. Fikeni saa moja asubuhi, kwa sababu saa tatu mbaazi huwa zimekwisha. Dereva mwacheni hotelini.

Dada yako.